Kiatu Ndani ya Dohani

Hester Yeandle alikuwa akitembeza wageni katika jumba la Withycott, nami nikikata tiketi mlangoni, kwa hiyo maneno yake nayajua kwa moyo. Huu ndio ukumbi wa mawe, mkongwe kuliko vyote. Ule ubavu uliongezwa na bwana aliyetajirika kwa sufu. Yale madirisha yalizibwa kwa matofali kukwepa kodi ya madirisha. Lakini akifika kwenye dohani kubwa ya ukumbini, ambayo haikuwashwa moto tena tangu bwana wa mwisho afe, alipita kama haioni. Iliniudhi, maana wageni waliipenda.

Dohani ile ilijengwa upya na baba yake, mzee Wilf, mwashi. Mwaka huohuo mdogo wake Hester, Olive, alikufa kwa homa ya vipele. Daktari aliagiza vitu vya mtoto vichomwe, na Wilf akachoma vyote, mwanasesere na hata picha ya pekee, bila kudondosha chozi. Mkewe hakumsamehe mpaka anaingia kaburini. Hester naye alimtunza uzeeni, chai na mayai kwa wakati, ila neno la ziada hakumpa. Niliwahi kumwambia ana roho ngumu. Akaniambia nikate tiketi zangu.

Baridi ilipoisha dohani ilianza kuvuja, wakaitwa mafundi. Fundi Len akapenyeza mkono ndani, juu, akatoa kiatu cha mtoto kilichojaa masizi. Hatukushangaa sana. Waashi wa kwetu tangu zamani huficha kiatu kikuukuu ndani ya dohani, ili shari ikishuka inase humo. Len akamtania Hester kwamba leo amempata wa rika lake, wa miaka mia tatu.

Hester akakipokea akicheka. Akakifuta kwa kidole gumba, kicheko kikakatika. Kati ya vifungo vyake, kimoja kilikuwa cha suruali ya mwanamume, kimeshonwa kwa uzi wa buluu.

"Kifungo hiki alikishona mama," alisema. "Mkasi nilimshikia mimi."

Akakaa sakafuni palepale. Len alivua kofia na hakutania tena siku nzima.

Nilimsindikiza nyumbani. Mzee Wilf alikuwa dirishani, blanketi magotini. Hester alikiweka kiatu mapajani pa baba yake. Nilidhani mzee atalia. Badala yake alishtuka, akamkamata mkono bintiye.

"Mbona mmekitoa? Kirudisheni. Alikuwa haishiwi baridi, yule mtoto. Nilimtafutia mahali ambapo moto hauzimwi."

Nilimtazama Hester. Sote wawili tulijua jinsi ukumbi ule ulivyo wa baridi.

"Hauzimwi, baba," alisema. "Nakirudisha mwenyewe."

Neno hilo, baba, sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Tukiwa njiani kurudi jumbani aliniuliza Len atamaliza lini, na kuni kavu zinapatikana kwa nani.