Suruali ya Mtumba na Swali la Shangazi

Serikali iliporuhusu tena nguo za nje, mama alianza kuuza mitumba sokoni Korogwe, nami nikapata suruali. Ya kiume, ya pamba, imefuliwa na watu wengine huko ng'ambo mpaka imelainika. Magauni yalikuwa yananichoma; lesi ikinigusa shingoni sisikii hata mtu anasema nini. Nikaivaa mpaka mama akachoka kunigombeza.

Nilikuwa msichana mkubwa shangazi alipokuja kutoka Mazingara, huko Handeni, na habari za mchumba. Alinikuta sokoni kwenye meza ya mama, akaagiziwa chai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hivi wewe unataka kuwa mwanamume?"

Mwingine angejua kwamba hilo si swali. Mimi nikalifikiria vizuri.

"Sijui, shangazi. Uanamke haunikai, na uanamume sidhani kama utanikaa."

"Na mume je?"

"Simtaki. Nampenda yule dada fundi cherehani."

Shangazi akatua kikombe. Mama aliinamia mashati, mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nyuso za watu zimenishinda kusoma tangu utotoni.

"Wifi," mama akasema, "si umemuuliza mwenyewe? Huyu hajui kuficha."

Kumbe alikuwa anacheka. Shangazi alipanda basi la Handeni bila kumaliza chai, na hakukanyaga kwetu muda mrefu.

Mchana huohuo yule fundi akaja, mkanda wa kupimia bado uko shingoni.

"Nasikia umenitangaza."

"Ndiyo. Ni kweli."

"Sasa si ungeanza kuniambia mimi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia palepale, mbele ya rundo la makoti. Akacheka, akanishika mkono, akaniomba nipunguze sauti.

Tulipanga chumba Old Korogwe. Wapo waliotusema, na mwenye nyumba mmoja alituhamisha. Wengi walituita tu "wale mafundi". Mashati yangu yote mwenzangu aliyakata lebo, zisinichome.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja aliniuliza habari za kelele, nguo na nyuso, kisha akanipa neno: usonji. Nikamuuliza kama huo usonji ndio ulionifanya nimpende mwanamke, na nisijione mwanamke wala mwanamume.

"Hapana," akasema. "Ila nawakuta watu wa namna yako mara nyingi. Huenda wenye usonji hawaoni sababu ya kujifanya."

Mwenzangu akasogeza kiti. "Na mimi je, daktari? Mimi kelele hazinisumbui."

"Wewe huna tatizo, mama. Umependa tu."

Akaridhika kabisa. Tukaenda kula chipsi.