Meli Iliyogeuka Njiani

Mama alikuja Durban kwa ndege kunisaidia kulea mtoto, akashuka ameapa: kile chuma hatakipanda tena, hata aahidiwe pepo. Mtoto akakua, akaanza shule, mama bado yupo. Na kule Mombasa dada yake, wa pekee aliyebaki katika tumbo lao, alikuwa mgonjwa wa kitandani. Kila jioni mama: "Nataka kumwona dada yangu kabla hajafa." Nami kila jioni: "Basi panda ndege, mama." Tukakwama hapo.

Mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia kuchezwa huku, tukiwa ufukweni, meli nyeupe ikaingia bandarini. Mama akasimama ghafla. "Ile naijua. Ilikuwa ikija Kilindini."

Nikacheka. Meli ina jina la kigeni, bwawa la kuogelea juu, muziki unatufikia mpaka tulipokaa! Mama hakunijali. Baba yake alikuwa kuli wa gatini na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Pua ile na bomba lile, alisema, hata wavipake chokaa atavitambua. Nikaingia kwenye intaneti ili nimkomeshe. Loo! Mimi ndiye niliyekomeshwa. Meli ilijengwa kubeba abiria na barua: Mombasa, Dar es Salaam, Beira, Durban, na kila bandari ilikuwa na wa kushuka na wa kupanda. Ndege zilipowanyakua abiria, ikauzwa, ikabadilishwa jina, ikauzwa tena. Ghala la mizigo likageuzwa vyumba vya kulala.

Macho ya mama yalikuwa yanang'aa, nikadhani anataka kukumbuka utoto wake. Nikakata tiketi mbili: mpaka kisiwa kimoja cha Msumbiji, na kurudi. Nilimweleza hivyo hivyo.

"Kurudi ni kwako wewe mwenye kazi," akasema. Nikaona ni mzaha wake tu.

Siku ya kuondoka, jirani yetu wa pale mtaani Cato Manor, mama wa Kikongo mwenye saluni, akanisimamisha mlangoni. "Mama amenipatia blanketi zake zote. Njo anarudia kwenu kabisa?" Nikamwambia tunakwenda kutembea tu, tunarudi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa uongo. Kanisani nako, nikapata habari baadaye, mama alikuwa ameombewa safari njema na watu wamelia. Mimi nilichoona ni sanduku lake kubwa tu, nikalalamika kulibeba.

Ndani ya meli nilipotea mara moja. Zamani matajiri walitengwa na wengine, na waliobadilisha meli walivunja kuta nyingine wakaziacha nyingine, basi unafuata ujia mrefu kumbe mwisho wake ni ukuta. Nikienda kutafuta chai nilikuwa natokea jikoni. Juu, watu walilala nusu uchi wakipakana mafuta.

"Hawa wanakwenda wapi?" mama akauliza.

"Hawaendi popote, mama. Wanastarehe."

"Meli nzima?" Akatikisa kichwa, akaenda kumuuliza mhudumu tutafika Mombasa lini. Mhudumu akatabasamu, akamletea juisi.

Asubuhi baada ya kile kisiwa nikamkuta amevaa, viatu miguuni, ameketi juu ya sanduku.

"Jana jua lilitokea dirishani kwetu," akasema. "Leo limetokea ng'ambo. Meli imegeuka. Kuna mtu ameanguka baharini?"

"Hapana, mama. Tunarudi."

"Nani anarudi?"

Hapo ndipo nilipoelewa: siku zote hizi yeye alikuwa safarini kwenda Mombasa. Nikamweleza tena, taratibu, kama ninavyomweleza mtoto wangu, na nikaona aibu kusema hivyo.

"Yaani wamechukua meli ya kuwapeleka watu kwao, wakaifanya ya kuzunguka?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Eish! Nilimkasirikia yeye kwa kutonielewa, nikajikasirikia mimi, nikaikasirikia na meli. Mama hakulia wala hakugomba. Alikataa chakula cha mchana, na cha jioni.

Durban tulishuka wa mwisho. Nikapakia sanduku garini, tukaondoka bandarini, tukasimama kwenye robot, taa nyekundu.

"Usinipeleke nyumbani kwako," akasema. "Nimewaaga watu wale. Wameniombea, wamenililia. Leo nirudi niwaambie nini?"

"Basi nikupeleke wapi, mama?"

"Kwenye ndege."

"Tiketi huna. Pengine leo hakuna nafasi."

"Nitakaa pale mpaka ipatikane."

Robot ikawa kijani. Nyuma yetu taxi ikaanza kupiga honi, na mimi mikono iko kwenye usukani, sijui nikate wapi.

"Mama, ndege unaiogopa."

"Naiogopa mno," akasema. "Endesha."