Masizi Ubavuni mwa Jiwe

Pale mlimani jiwe limelala tabaka juu ya tabaka kama mashuka yaliyokunjwa. Katikati yake wamebanwa ndege wa zamani za kale, wale waliokuwa bado na meno mdomoni, pamoja na dinosaria wadogo wenye manyoya, wengine hawafiki hata ukubwa wa bata. Wanaume huingia mashimoni kuwachimba. Wanawake huwasafisha chini ya mlima, kwenye karakana yenye paa la bati na madirisha yasiyofunga vizuri. Kati ya wanawake hao hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama Mama Sindano.

Jina alipewa na kazi. Jiwe likifika mezani alilipiga ubavuni kwa tindo, taratibu, mpaka likafunguka vipande viwili kama kitabu: huku ndege, kule alama yake. Kisha akachukua sindano na kuondoa vumbi la jiwe mfupani, punje kwa punje, pumzi ameibana asije akapeperusha ukucha uliokaa pale tangu dunia ikiwa changa. Mgongo ulimpinda na macho yakaanza kumgomea. Akiambiwa apumzike, hataki.

Si kwamba aliwapenda sana hao ndege. Alikuwa akimlinda mwanawe.

Mwanawe huyo, kitinda mimba wake, aliitwa Mlingoti. Akilala, miguu inabaki nje ya kitanda. Na mtu wa urefu ule, katika kazi zote, akachagua ya kutambaa chini ya mlima amejikunja kama panzi.

"Tafuta kazi nyingine, mwanangu," mama yake alimwambia mara nyingi.

"Kazi gani, mama? Ya kushikilia mawingu?"

Basi mama akaacha kusema, akawa anatazama. Mawe ya shimo la Mlingoti yote yalikuja kwenye meza yake, na jiwe huwa halijui kusema uongo. Wachimbaji hufuata tabaka la ndege kuingia ndani, ila kila baada ya mwendo kidogo huacha nguzo ya jiwe hilohilo ishikilie mlima. Nguzo haiguswi. Inasimama miaka katika moshi wa taa za karabai, na wanaume wanaiegemea kwa migongo yenye jasho, mpaka inakuwa nyeusi na kung'aa. Jiwe jipya linatoka la kijivu, safi. Likija lenye masizi ubavuni, maana yake ni moja tu: watu wameanza kula nguzo. Nazo zinatamanisha, kwa sababu ndani yake mna ndege vilevile, na ziko karibu na mlango.

Asubuhi moja likaja jiwe jeusi ubavuni.

"Hili nalo limepakwa wanja?" akacheka shoga yake wa meza ya pili. "Linakwenda harusini?"

Mama Sindano hakucheka. Alilipasua. Akatokea ndege mzima, mabawa ameyatandaza, mkiani manyoya mawili marefu kama riboni, hata kucha moja haikukosekana. Wanawake wakaja kusongamana, huyu anashika kiuno, yule anamwita Mungu. Yeye alipitisha kidole kwenye ule weusi, akakitazama. Kikawa cheusi. Akafunga kipande kimoja kwenye kitambaa, akakikumbatia kama mtoto, akapanda mlima.

Mnyapara alikuwa amekaa juu ya kreti mlangoni mwa shimo, anachokonoa meno.

"Mama, karibu. Lakini huku si jikoni."

"Ingekuwa jikoni ningeshakuchapa mwiko. Nani amekwambia ukate nguzo?"

"Nguzo gani tena?"

Akafungua kitambaa. Mnyapara aliangalia ndege, kisha masizi, kisha akaangalia mbali.

"Nitolee mwanangu," mama akasema. Alipoona mtu hasogei, aliinama mwenyewe mdomoni mwa shimo akaita. Hakuita Mlingoti. Aliita jina la utotoni, lile la kumwitia kuoga, na sauti ikaingia ndani ya mlima ikarudi.

Kwanza kilisikika kicheko cha wanaume humo ndani. Kisha ikatokea miguu ya Mlingoti, maana alitoka kinyumenyume, halafu mgongo, halafu kichwa kilichojaa vumbi. Bega lake la kushoto, lile mtu analoegemeza kwenye nguzo apate nguvu ya kuikata, lilikuwa jeusi tii.

"Mama, unaniaibisha."

"Aibu huoshwa. Njoo nyumbani."

"Mbele za watu, mama? Jina lile?"

"Mnyonyeshe kabisa, mama!" mmoja akapiga kelele kutoka gizani, na mlima mzima ukacheka.

Mlingoti alishuka naye.

Shimo halikuanguka. Hilo ndilo lililomkata maini. Mnyapara alitia magogo mawili pale nguzo ilipokuwa, na shimo lipo mpaka leo. Mama Sindano akipita, watu humwambia, "Mama, chunga bati, litakuangukia!" Karakanani msimamizi alimwagiza akwangue masizi, wageni wanaokuja kutazama ndege wasije wakauliza maswali. Aliyakwangua mwenyewe, kwa sindano yake mwenyewe, na ndege sasa yuko ndani ya kabati la kioo, safi kama aliyetoka kuoga.

Mlingoti alihamia shimo la upande wa pili wa mlima. Alichukua mkewe na godoro. Mawe ya huko huenda karakana nyingine, kwenye meza za watu asiowajua. Hivyo mama akabaki na mawe ya watoto wa wenzake, yote ya kijivu, yote safi, na hayamwambii kitu.

Siku ya mapumziko mkamwana wake akaja na furushi. Kule kwao maji ya bomba yalikuwa yamekatika.

"Shikamoo, mama. Naomba nifulie hapa."

"Marahaba, mwanangu. Lete nikusaidie."

Shati la tatu alilolitoa lilikuwa la Mlingoti, mikono mirefu kama kamba ya kisima. Bega la kushoto lilikuwa jeusi na linang'aa.

Mama alilishika muda mrefu.

"Mumeo anaegemea nini huko?"

"Ni kazi tu, mama."

"Mwanangu, hii si kazi. Hii ni nguzo."

Mkamwana aliweka beseni chini. Machozi yalikuwa yameshamlenga. "Mimi najua. Nimesema naye, amenijibu wote wanakata. Lakini ukipanda tena, mama, ameniapia tutahama, na mimi amenikataza kukwambia tutakwenda wapi. Hata mimi hutaniona."

Mama Sindano alitazama mlima. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akachukua sabuni. Masizi yaliyochanganyika na jasho hayatoki upesi. Alisugua mpaka vidole vikawa vyekundu.

"Taratibu, mama, litachanika."

"Acha litoke."

Likatoka. Akalianika, mikono ya shati ikaning'inia karibu kugusa udongo.

Siku ya mapumziko iliyofuata mkamwana alipobisha hodi, alimkuta mama amekwisha kukaa kwenye kigoda, beseni limejaa, sabuni mkononi. Mama hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono kupokea shati.