Sindano ya Ubavuni

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi na mizani zao, mdogo wangu wa kiume aliacha jembe akawa mpakizi. Alibeba magunia kutoka ghalani hadi kwenye malori, na jioni alirudi na nyuzi za pamba kichwani kama mzee mwenye mvi. Ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la tano ili wadogo zangu wale, na tangu hapo kila kikohozi cha nyumba ile kilikuwa changu.

Jioni moja alivua shati aoge, nikaona uvimbe ubavuni, chini kidogo ya kwapa, mkubwa kama yai la kanga. Marehemu mama alikuwa na uvimbe. Ule haukupimwa na mtu yeyote; ulipakwa dawa za mizizi mpaka mwisho.

Mdogo wangu alisema wake umetokana na magunia. Mjomba wetu, mfugaji, akautazama kwa mbali, akasema amepasua majipu ya ng'ombe wengi, tumletee wembe. Nikasema wembe hautamgusa mtu mpaka mwenye darubini aseme ndani kuna nini. Mjomba akauliza mambo ya darubini niliyasomea wapi, darasa la tano? Nikamjibu ndiyo, maana la sita sikufika.

Tukaenda hospitali siku ambayo daktari mgeni alikuwepo. Alikuja mara moja moja tu. Akatueleza kwamba hatakata. Atachoma sindano nyembamba, avute chembe kutoka ndani ya uvimbe, azipake kwenye vipande vya kioo, na vioo viende Mwanza kwa mtaalamu wa kuvisoma. Uvimbe mbaya na ule usio na madhara, alisema, kwa vidole hufanana.

Kisha akagusa ubavu, na mdogo wangu akaangua kicheko.

Hakuna aliyejua kwamba bado anatekenyeka. Tangu amekuwa mtu mzima nani angemtekenya? Alijikunja, akashusha mkono, akaubana wa daktari kwapani.

"Toa mkono kwanza, daktari," alisema huku machozi yakimtoka.

"Umeubana wewe."

Nesi akamwambia aone haya, mwanamume anayebeba magunia anashindwa na kidole. "Gunia halitekenyi, sista," akajibu, na nesi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Daktari akajaribu tena. Akamwambia afikirie jambo la huzuni. Mdogo wangu akafumba macho, akasema anafikiria bei ya pamba, na hapo hata mimi nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.

Lakini daktari alitazama mlango, foleni ilikuwa imejaa, akasema basi, labda safari nyingine. Kicheko changu kikakatika. Safari nyingine ilikuwa lini? Nikasimama mbele ya mlango. Nilikuwa nimewaogesha wadogo zangu wote, na mmoja wao, huyu huyu, nilipomsugua mbavu alikuwa akirusha maji mpaka nje ya beseni. Dawa yake ilikuwa kumwekea mkono wake mwenyewe juu ya wangu. Mtu hajitekenyi.

Nikamwomba daktari ajaribu hivyo. Mdogo wangu akaweka kiganja chake kikubwa juu ya mkono wa daktari, wakaugusa uvimbe pamoja, na kicheko hakikuja. Sindano ikazama. Daktari akaisogeza mbele na nyuma, akivuta taratibu. Alichopaka kwenye kioo kiling'aa kama samli na kilikataa kukauka. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akasema tusubiri Mwanza.

Tukasubiri. Shambani nilikuwa nakumbuka mkono uliobanwa kwapani nacheka peke yangu, kisha namkumbuka mama, jembe linasimama hewani.

Daktari aliporudi alituita wote wawili.

"Ni mafuta," alisema. "Mafuta ya mwili tu yaliyojikusanya mahali pamoja. Hakuna kansa."

"Mafuta?" nikauliza.

"Mafuta, dada."

"Mengi?"

"Ya kujaza yai."

Nikaanza kucheka tena, na safari hii sikutafuta namna ya kuacha. Wazazi walipokufa watu walisema watoto wale watakauka kama mabua. Sasa Mwanza, kwa darubini, wamemkuta mmoja wao na mafuta ya akiba. Nikamwomba daktari arudie. Akarudia. Nesi akaja, daktari akarudia ili naye asikie.

Daktari akaeleza kwamba uvimbe huo unaweza kubaki bila kumdhuru, au akitaka utolewe kwa upasuaji mdogo. Akamuuliza mdogo wangu anapendelea lipi.

"Muulize dada," alisema. "Mafuta ni yake. Yeye ndiye aliyenilisha."

Nikasema yakae.