Wagonjwa Waliomngoja Winrose

Mimi ndiye katibu wa kamati, kwa hivyo msinisahihishe. Kitabu cha mikutano kiko kwangu chini ya godoro, na yaliyomo ni kweli isipokuwa pale nilipojisifu.

Winrose ni mtoto wa kaka yangu, hapa kwetu juu ya Kariandusi. Akiwa darasa la sita alimfunga mbuzi mguu uliovunjika, mbuzi akasimama, na tangu siku hiyo ukoo mzima ukaacha kwenda hospitali. Sitanii. Kaka yetu mkubwa, Kiprugut, alipovimba goti alisema, "Nitangoja Winrose." Jirani yetu Ephantus Njuguna, ambaye hata si wa ukoo, akauleta mgongo wake kwenye foleni. Mama yetu, ambaye sote tunamwita Gogo, alifungwa na ukungu macho yote mawili. Hospitalini Nakuru aliambiwa upasuaji wake hauchukui hata saa moja, akakataa katakata: hakuna wa kumgusa macho ila mjukuu wake. Miaka minne alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa jinsi tunavyokohoa. Mimi nami nilikuwa na jino. Hilo tuliache kwanza.

Winrose alipopata A katika mtihani wa kidato cha nne, tuliunda kamati, maana kwetu hata ng'ombe akipotea kamati huundwa kabla ya kumtafuta. Mwenyekiti Kiprugut, katibu mimi, maombi Ephantus. Ajenda ilikuwa moja: chuo cha udaktari. Mtandao wa kuchagua vyuo ulikuwa unafungwa kesho yake, na vilikuwa vimebaki viwili. Kimoja kilikuwa Nairobi, kinachosifika kwa kutoa madaktari bingwa. Kingine kilikuwa upande wa magharibi, ambako mwanafunzi hupelekwa zahanati za vijijini tangu mwaka wa kwanza, akafunzwa kutibu chochote kinachoingia mlangoni.

"Nairobi," Kiprugut alisema kabla ya amina kukauka. "Asomee mifupa. Bone specialist. Nimemaliza."

"Mwenyekiti, hiyo ni conflict of interest," Ephantus akadakia. "Huyu msichana ni wa mgongo."

"Mgongo wako uliharibiwa na kulala!"

"Katibu, andika hiyo. Andika nimetukanwa."

Niliandika. Kisha nikapendekeza, kwa faida ya jamii yote, kwamba meno nayo ni sehemu ya mwili. Gogo akagonga fimbo sakafuni.

"Macho," akasema.

Kura zikapigwa: Nairobi kumi na moja, kwingine sufuri. Hakuna aliyemuuliza mwenye kusoma. Alikuwa jikoni akitupikia chai.

Aliingia na birika, akaliweka mezani, akajifuta macho kwa kiwiko. Nilimwonea huruma, ingawa pia nilikuwa na kiu.

"Senge, nisomee penye umeandika," akaniambia mimi shangazi yake. Nikamsomea yote, pamoja na matusi.

"Mimi nataka ile ingine," akasema. "Kwa dispensary yetu kuna daktari? Mwenye alikuwa alienda Machi, na hajaletwa mwingine. Nataka nirudi hapa. Mama akikuja amebeba mtoto ameungua, nisimwambie ati mimi ni wa magoti."

Kisha mwenyekiti, kwa sauti ndogo: "Na goti langu?"

"Anko, hesabu na mimi. Six years chuo. Mmoja internship. Miwili kazi. Minne tena nikisomea hiyo moja yenye mnataka. Thirteen."

Gogo hakusoma, lakini hakuna aliyewahi kumwibia hata kikombe cha maziwa. Alihesabu vidole vyake, vikaisha, akaazima vyangu.

"Niko na sabini na tisa," akasema polepole. "Hiyo ni tisini na mbili. Kwani huko unasoma nini miaka yote hiyo? Si mbuzi ulimtibu na siku moja?"

"Gogo, ule mbuzi haukupona," Winrose akasema. "Ulisimama siku mbili. Ndio ule tulikula Krismasi."

Ephantus aliweka kikombe chini. Hata yeye alikuwa amekula mbavu.

"Mimi naogopa," Winrose akaendelea, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Tangu niko mdogo mnaniwekea magonjwa. Na hata biology yenyewe nilisoma na kelele ya ng'ombe."

Niliona haya, na ulimi wangu ukalitafuta lile jino wenyewe. Nikapiga mstari juu ya kura zote, nikaandika upya: chuo atachagua Winrose, na Jumatatu kila mtu aende hospitali. Pendekezo likapita. Aliyepinga alikuwa mmoja, na jina lake nimelifuta kwa mamlaka yangu kama katibu.

Jumatatu tulijaza benchi zima. Kiprugut alipewa dawa na kuambiwa apunguze kilo. Mgongo wa Ephantus ulipatikana ukiwa mzima, akaudhika, akataka upimwe tena. Jino langu lilitoka kwa dakika tatu, baada ya miaka miwili ya kutafunia upande mmoja. Gogo akapasuliwa jicho la kulia.

Kesho yake muuguzi alipofungua bandeji tulikuwa tumemzunguka. Gogo akapepesa. Akaniona mimi, akasema nimenenepa. Kisha akafika kwa Winrose, akamtazama kwa muda mrefu, akampapasa shavu kwa vidole viwili. Alipotugeukia, alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Na nyinyi watu wazima wote," akasema, "mbona hamkuniambia bado ni kasichana?"