Baba Mdogo na Kuku wa Mnada

Watu wakisikia kwamba baba yangu mdogo ni balozi, huniuliza alisomea wapi kazi hiyo. Huwa nawajibu kwamba alianzia nje ya kanisa letu, akiwa ameshika kuku. Wanadhani natania, na kwa kuwa mimi si msemaji, naliacha jambo hapo. Hapa naweza kulieleza taratibu.

Kanisa letu liko upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu kabisa ya Sakina, ambako mwezi wa saba watu huingia ibadani na makoti na mashuka. Wakati wa mavuno, asiye na fedha analeta alichonacho: mkungu wa ndizi, debe la viazi, mayai, kibuyu cha maziwa mgando. Ibada ikiisha hakuna anayeondoka. Vitu vinawekwa kwenye meza nje na kunadiwa. Utamu wake ni kwamba anayenunua mara nyingi haendi na kitu nyumbani. Analipa, kisha anasema, "Narudisha," na kitu kinauzwa tena kwa mwingine. Kuku mmoja anaweza kununuliwa na nusu ya usharika, na mwisho bado yuko pale mezani, amefungwa miguu, anatutazama kwa jicho moja.

Aliyekuwa ananadi ni baba mdogo. Siku za kazi alikuwa mtu mwingine. Alianza ujana wake Nduruma, akipima maharage kwenye mizani ya kampuni ya kununua mazao. Akapewa ghala, akapewa mauzo, na nilipopata akili alikuwa tayari mkurugenzi, ana ofisi ya mjini yenye zulia na mama mmoja wa kupokea simu. Lakini Jumapili ya mavuno alivua koti, akakunja mikono ya shati, akashika kuku kama mtu anayebeba mtoto wa jirani.

Hakuwahi kuomba. Alikisifu kitu mpaka mwenye kukileta akaona haya. Alijua ndizi zimetoka mgomba upi na nani aliutilia samadi. Aliwachokoza matajiri kwa adabu, na wasio na kitu aliwapitisha pembeni bila mtu kugundua. Halafu alikuwa na kanuni moja aliyoishika kama amri: anayefungua mnada asiwe mtu mkubwa. Mkubwa akitaja bei ya kwanza, wengine wanafunga midomo. Kwa hiyo alifungua kwa watoto.

Ndivyo nilivyoingia mimi. Nilikuwa mdogo, nakaa kwa Koko, mama yake baba yangu, na nilikuwa mwoga wa watu kiasi kwamba wageni wakija nilijificha zizini. Baba mdogo alinitia sarafu mkononi, akaniambia nikiona kuku ameinuliwa niseme "mia mbili," basi, kazi yangu imeisha. Nilisema. Sijui nilipata wapi sauti. Lakini siku hiyo watu waliona kichekesho, wakakubaliana kwa macho, hakuna aliyeongeza. Baba mdogo akahesabu moja, mbili, tatu, akaniletea kuku.

Nilitakiwa niseme "narudisha." Hakuna aliyeniambia hilo. Nilimkumbatia kuku, nikapita katikati ya watu, nikashuka naye hadi nyumbani. Nyuma yangu nilisikia usharika mzima ukicheka, na mzee mmoja wa kanisa ananiita nirudi, na baba mdogo anasema mwacheni, amenunua. Kuku yule alitaga kwa Koko miaka mingi. Mpaka leo wako watu wanaoniita Mama Kuku.

Mtu anayejua kuchangisha hakai kwa amani. Kwanza walimtaka kwenye kamati za harusi. Kila aliyeozesha mtoto kuanzia kwetu mpaka Kaloleni mjini alimtaka awe mwenyekiti, na kweli harusi zake hazikuwahi kupungukiwa na vinywaji. Kisha shule ikataka madarasa. Kisha chama kikamwona. Akaacha ukurugenzi, akawa mtu wa kukitafutia chama fedha, kwenye kumbi za hoteli, kwa watu wenye kampuni. Nyumbani tulimwona kwenye televisheni akiwa na tai, tukacheka kwa sababu Koko alikuwa akiisalimia televisheni.

Nilimfuata mara moja tu. Nilikuwa nimeshamaliza darasa la saba na nashona nguo Kaloleni, kwenye chumba ambacho tunapanga pamoja na mafundi wenzangu. Mama mdogo, mke wake, aliugua siku ya chakula cha kuchangia chama, na baba mdogo hakutaka kiti cha pembeni yake kibaki kitupu. Nikavaa gauni nililolishona mwenyewe nikakaa hapo. Aliuza picha ya mlima wetu, ya kuchorwa kwa rangi, na aliiuza vizuri. Wanaume wawili walishindana mpaka ukumbi ukasimama. Aliyeshinda alikuja mbele, akamshika mkono, hakuuachia, akamnong'oneza kitu kirefu sikioni. Baba mdogo alikuwa anatabasamu huku shingo imekakamaa.

Kwenye gari alivua viatu. Tulipofika Sakina ndipo aliposema, kama anajisemea mwenyewe:

"Pale hakuna anayerudisha kuku."

 Nilimwelewa: pale kila aliyelipa anataka kitu chake.

Kilichomuuma zaidi kilitokea huku kwetu. Yuko mzee mmoja, mkulima wa viazi, ambaye ndiye aliyesimama naye siku ya ubatizo wake, yaani baba yake wa ubatizo. Ni mtu wa chama kingine, na kofia ya chama hicho haivui ila akiingia kanisani. Kabla ya hapo walitaniana tu. Lakini Jumapili ya mavuno iliyofuata, baba mdogo alipoinua jogoo, mzee alitia mikono yote miwili mifukoni mwa koti. Hakusema neno baya. Waliokuwa karibu naye wakaona, nao wakatia mikono mifukoni. Mnada ukawa wa upande mmoja wa uwanja tu. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, na baadaye wazee wa kanisa wakamfuata baba mdogo kwa upole, wakamshauri apumzike kidogo kunadi. Alipumzika. Wakamweka mwalimu mmoja mtu mwema sana, ambaye anauza ndizi kama anayesoma matangazo ya msiba.

Miaka ikapita hivyo. Alikuja kanisani, akakaa nyuma, na ibada ikiisha aliondoka kabla meza haijatolewa nje.

Siku alipotangazwa kuwa balozi wa nchi moja ya mbali yenye theluji, simu zilipigwa mpaka na watu wasiomjua. Alikuja kumwambia Koko mwenyewe. Kwetu mdogo humwinamishia mkubwa kichwa ili akiguse, na yeye, na suti yake na upara wake, aliinama mlangoni. Koko aliuweka mkono pale na hakuutoa haraka. Akamuuliza kama huko kuna ng'ombe. Akajibiwa wako wengi, na wanene. Koko akasema basi ataishi, kisha akamuuliza kama huko atakuwa anaongea au anakaa kimya. Baba mdogo akasema kazi yenyewe ni kukaa kimya kwa muda mrefu na kuongea kidogo. Koko akanitazama mimi.

"Wangempeleka huyu," akasema.

Usharika ukaandaa ibada ya shukrani. Mchungaji akamuuliza angependa nini siku hiyo, kwaya gani, chakula gani. Alisema hataki chakula wala zawadi. Anaomba kunadi kuku mmoja. Nilikuwepo, na niliona mchungaji alivyotafuta pa kuangalia. Sote tulijua anachoomba. Kama nusu ya uwanja ingetia mikono mifukoni siku ya kumuaga, angepanda ndege na jambo hilo, na kule hakuna mahali pa kulitua.

Jumamosi aliniambia tumfuate mzee wa viazi kumsalimia. Hiyo nayo ilikuwa kawaida yake ya zamani: kabla ya mnada alipita kuwajulia watu hali. Nilibeba sukari. Mzee alitupokea vizuri, akaitikia shikamoo zetu, akatupa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Wakazungumza juu ya ukungu unaochoma majani ya viazi, juu ya mfereji ulioziba huko juu, juu ya ndama. Kofia ilikuwa kichwani muda wote. Habari ya kuku haikutajwa, wala ya chama, wala ya ubalozi, isipokuwa tulipoaga mzee alimtazama viatu akasema huko kwenye theluji atafute vya ngozi.

Njiani nilimuuliza baba mdogo mbona hakumwambia aje kununua.

"Nikimwambia anunue, mama, nitakuwa nimejinunulia mwenyewe," alisema. Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la Koko. Niliona anaogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa.

Jumapili uwanja ulijaa. Kuku alitoka kwa Koko, mtetea mwekundu, kizazi cha kizazi cha yule wangu. Baba mdogo alivua koti, akakunja mikono ya shati, na kwa muda nikamwona yule wa zamani. Kisha akafungua mdomo akaanza na "Waheshimiwa." Ilimtoka tu, ni mazoea ya hotelini. Watu hawakucheka. Alijaribu utani juu ya kuku kupata pasi ya kusafiria, na mwalimu peke yake ndiye aliyetabasamu, kwa huruma. Mzee wa viazi alisimama karibu na ukuta, kofia kichwani, mikono mifukoni. Baba mdogo akasema, haya, nani anafungua?

Alitazama watoto. Watoto wa sasa hawakuujua mchezo huo. Aliyekuwa akiufundisha alikuwa ameacha siku nyingi. Walimtazama tu.

 Nilikuwa nimesimama na kina mama, nina umri wa kuwa na watoto wangu. Nilijua bei yangu ya utotoni sasa hainunui hata yai. Nikasema:

"Mia mbili."

Kwanza hakuna aliyejua sauti imetoka wapi. Halafu mama mmoja nyuma yangu akaguna, akasema Mama Kuku huyo, na kicheko kikaanza upande ule, kikasambaa kama maji kwenye shamba. Baba mdogo alinitazama, kuku mkononi, na midomo ikawa inacheza.  Akaanza kuhesabu, polepole sana.

"Moja."

Watu wakazidi kucheka.

"Mbili."

"We subiri," alisema mzee wa viazi kutoka ukutani. Uwanja ukatulia. Alikuwa ametoa mkono mmoja mfukoni, ameunyoosha kama anayesimamisha gari. "Huyu binti tusipomzuia ataondoka na kuku tena. Safari hii haendi naye."

Akataja bei yake, nzuri. Mtu wa upande wa pili akapanda juu yake. Mzee akamwambia bwana wewe unafuga kuku au unawaonea wivu, akaongeza tena. Nikaona mikono inatoka kwenye makoti, mmoja mmoja, na sauti ya baba mdogo ikarudi. Akamsifu yule kuku kwa ukoo wake, akamtaja bibi yake aliyebebwa na mtoto, akamtaja Koko mpaka Koko akafunika uso kwa kanga. Waheshimiwa hakulisema tena. Kuku alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa, akarudishwa. Mwalimu alimnunua. Kwaya walichanga wakamnunua. Mwisho akaangukia tena kwa mzee wa viazi, na baba mdogo akangoja aseme neno lile.

Mzee alimchukua kuku, akampima kwa mkono.

"Simrudishi," akasema.

 Mzee akavua kofia, akaishika kwa mkono wa pili.

"Simrudishi wala simpeleki kwangu. Atakaa kwa mama yako. Ukirudi, uje umnadi mwenyewe. Usipokuja, kijana wangu, utakuwa umekula kuku wa watu."

 Baba mdogo, mtu wa maneno kuliko wote niliowahi kuwajua, aliinamisha kichwa chenye upara mbele ya uwanja mzima, kama mtoto anayesalimia, na mzee akauweka pale mkono uliokuwa na kofia, maana mwingine ulikuwa na kuku.

Sasa yuko huko. Anapiga simu Jumapili jioni, nami namshikia Koko simu sikioni kwa sababu yeye huigeuza. Baba mdogo anasema huko wanakaa kwenye meza ndefu, kila mtu anangoja mwenzake aseme kwanza, na kwamba kuna siku amenikumbuka sana mezani pale. Kabla ya hayo yote huuliza habari za kuku. Namwambia ametaga, ameangua, mwewe amechukua kifaranga mmoja.

Mzee wa viazi hupita kila wiki kumkagua kuku, na kofia yake ileile. Huleta viazi vidogo visivyouzika, huvirusha uani kimoja kimoja, husimama kumtazama anavyodonoa. Anadai amekonda, kwamba hatumlishi vizuri na mali si yetu. Kisha anakaa kwenye kigoda, anapokea chai, na akishakunywa kidogo ananiuliza, bila kunitazama, kama yule kijana amepiga simu.