Behewa la Mpwa

Reli yote ya kwetu unaweza kuitazama ukiwa umesimama gatini, kati ya Bukoba na Muleba. Inatoka ghalani, inaishia majini. Hata hivyo ina mkubwa wake: mzee Rugaibula, mpanga mabehewa. Akipuliza filimbi, kichwa cha treni kinasukuma mabehewa ndani ya meli. Huko Mwanza kichwa kingine kinayavuta kwa mlango uleule, kwa hiyo la kwanza kuingia hutoka la mwisho. Rugaibula amelijua hilo ujana wake wote na uzee wake.

Lakini anajua pia kwamba mpwa hakataliwi mbele ya watu.

Mpwa wake, Joanitha, alileta behewa la kahawa ya wakulima wa Nyanga, shehena yao ya kwanza kuuza bila dalali. Mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa ameonya: isipopanda treni ya siku ileile Mwanza, atanunua kwingine.

“Waitu, tafadhali mjomba, nitangulize.”

“Mwanangu, anayeingia nyuma ndiye…”

“Hayo mwambie Kalpesh!” Kalpesh, mfanyabiashara wa kahawa mjini, naye alikuwa na behewa lake pale. “Au siku hizi ndugu zako ni wenye maduka?”

Wapakiaji wakacheka. “Mzee, ukimnyima huyu, Krismasi utakula kwa nani?”

Nchi hii imejaa wajomba wa namna hiyo. Wanalijua lililo sahihi, wanalimeza wasionekane wabaya. Rugaibula akapuliza filimbi. Kahawa ya Nyanga ikatangulia kwa heshima zote hadi ndani kabisa ya meli, nasi tukapiga makofi.

“Mimi tena mkiani?” Kalpesh akanung’unika. “Kwa kuwa sina mjomba hapa?”

Mwanza, behewa lake lilitoka la kwanza. La Joanitha lilipotoka, treni ilikuwa imekwenda. Mnunuzi akatimiza neno lake: akachukua kahawa ya Kalpesh.

Wakulima walihangaika hadi wakampata mnunuzi mwingine, naye akatoa onyo lilelile. Joanitha akarudi gatini na shehena ya pili.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Leo nikufanyieje?”

“Leo nipange kama mtu usiyemjua.”

Akampanga hivyo, mkiani, na kahawa ikawahi treni. Jioni Rugaibula alimpigia simu dada yake, kumshtakia kwamba binti yake amemkana mbele ya watu.